Alhamisi Ilipofika

Yeremia wa Mtopanga aliuza ploti.
Akauza jokofu, akauza kitanda cha mninga,
akagawa kuku kwa watoto wa jirani,
akasema: Alhamisi, saa tisa alasiri.
Hesabu alikuwa amezipiga, Danieli kwa Ufunuo,
siku kwa mwaka, pembe kwa mfalme,
ndani ya daftari la mraba
la mwanawe wa darasa la nne.

Alhamisi ikafika.
Joto likakaa juu ya mabati kama kawaida yake.
Lori la maji likaja, tukapanga madebe.
Saa tisa, pale Kongowea, nyanya zilishuka bei.
Saa kumi kasoro muadhini akaadhini kama jana.
Magharibi Yeremia akabisha kwangu,
kanzu nyeupe imemgandia mgongoni,
akauliza kama nina godoro la ziada.

Sikucheka. Nilimpa godoro,
nikampa na chai, na mbaazi, na mahamri mawili ya asubuhi.
Hakula.
"Damari," akasema, "niliyemkosea ni nani,
wanangu au Mungu?"
Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa bado bichi.

Sisi wa Kisauni ya zamani tumezaliwa na watu wa kungoja.
Nyanya wa nyanya yangu alishushwa hapa na manowari,
alama za pingu miguuni, jina limeanguka njiani;
akapewa jina jipya pamoja na shuka.
Ile kengele ya Kengeleni
haikuwa ya ibada peke yake.
Ikilia usiku wa manane, wanunuzi wa watu wanarudi:
beba mtoto, acha sufuria, kimbia.
Akazeeka akilala sikio moja wazi.
Siku ya kufa kwake, ndivyo tulivyosimuliwa, alisema,
"Kengele ya kukimbia imenichosha.
Mbele iko nyingine. Hiyo ikilia
zitakazokimbia ni pingu."

Mama yangu Perisi naye alikuwa na lake.
Miaka ile ya wezi wa madirishani
baba alitia grili, kisha komeo, kisha kufuli tatu.
Mama akamtazama, akasema taratibu,
"Bwana alisema atakuja kama mwivi,
nawe, mume wangu, wamfungia mara tatu."
Baba alicheka mpaka akakaa chini.
Kufuli hazikutolewa.
Ila kila usiku mama aliacha maji mezani,
kikombe kimoja, kimefunikwa kisahani.
Cha nani? tulimuuliza.
Cha atakayefika na kiu. Pengine ndiye.

Sasa wote wako uani kwa kanisa,
vichwa magharibi, ili wakiinuka walikabili jua.
Na Zefania wangu, wa siku kumi na moja,
kaburi lake ni fupi kuliko ufagio.
Kila Desemba nalipaka chokaa,
kila masika mvua huila.
Napaka tena.
Watu huniuliza, mbona hutii vigae?
Vigae ni vya mwenye nyumba.
Huyu ni mpangaji,
na kodi yake ililipwa zamani, siku ya Ijumaa.

Basi kulipokucha nikamchukua Yeremia,
nikampa ndoo na brashi.
Tulipaka bila neno. Mkono ulimtetemeka,
chokaa ikamdondokea juu ya kanzu ileile,
weupe juu ya weupe, usionekane.
Jua lilipotufika utosini akauliza,
"Na bado waamini atakuja?"
Hapo jibu likawa limeiva.
"Wewe, Yeremia, uliingoja saa.
Mimi namngoja mtu."

Alinyamaza kitambo. Kunguru walikuwa wakigombana
juu ya paa la shule ya chekechea.
Halafu akachovya brashi ndogo katika rangi nyeusi,
akainama pale jina lilipofutika.
"Niandike herufi kubwa, au ndogo?"

Kubwa, nikamwambia.
Hakuwahi kufika shule, huyu.
Asipate tabu asubuhi ile.